Wadudu kwenye okidi za ndani: namna ya kuwamaliza bila kuiua okidi

Mtu wa Tanga akiniuliza apulizie dawa gani kwenye okidi yake iliyoingiwa na wadudu, namrudishia swali: umeona mdudu gani, na amekaa wapi? Kinachomtoa kidung'ata kwenye jani hakimfikii aliyejificha kwenye mizizi, na kinachowapunguza utitiri hakina maana kwa thripsi aliyejifungia ndani ya chipukizi la ua. Halafu lipo neno ambalo wengi hawapendi kulisikia. Hakuna dawa ya mara moja. Mayai ya wadudu hawa huvumilia karibu kila kitu tunachoweza kukitumia salama ndani ya nyumba, kwa hiyo anayeshinda ni yule anayerudia kazi kila wiki, hata pale anapoamini imekwisha.

Ninazungumzia okidi za sebuleni na barazani: Phalaenopsis yenye majani mapana, Dendrobium yenye mashina marefu ya pingili, na Vanda inayoning'inia mizizi ikiwa wazi. Vitu utakavyohitaji vipo duka la dawa, sokoni, au uani kwa jirani mwenye mwarobaini.

Hatua ya kwanza: itenge

Kabla ya kutafuta dawa, iondoe okidi hiyo karibu na wenzake. Chumba kingine ni bora. Kama huna, ipeleke upande wa pili wa baraza ambako majani yake hayagusi mmea mwingine. Watoto wa vidung'ata na vidugamba ni wadogo mno, wanatembea, na upepo huwabeba. Pangaboi likizunguka usiku kucha juu ya okidi zilizobanana, umewapa usafiri wa bure.

Kisha kagua zile zilizobaki. Mmea uliokaa ubavuni mwa mgonjwa uhesabu kuwa mgonjwa mpaka uthibitishe vinginevyo.

Hatua ya pili: mjue mdudu wako

Washa tochi ya simu na uangalie pale wanapopenda kujificha: chini ya jani, kwenye uti wa kati, mahali jani linapoungana na shina, nyuma ya ua, na chini ya ngozi kavu inayofunika mashina ya Dendrobium. Ngozi hiyo ikishakauka haina kazi tena kwa mmea, ila kwa mdudu ni nyumba. Ichane taratibu kwa urefu na uibandue. Ikiwa bado ni mbichi, iache.

Vidung'ata ndio wageni wa kawaida kuliko wote. Utaona vijipande vyeupe vya manyoya, utadhani mtu amedondosha sufi ya mto kwenye makwapa ya majani. Ukivichokonoa kwa kijiti, ndani yake kuna mdudu laini wa rangi ya waridi au ya kijivu, au rundo la mayai. Jike mmoja wa aina zinazotaga anaweza kuacha mayai mia kadhaa ndani ya kifuko hicho cha nta, na kwa joto la pwani kizazi kipya hukomaa kwa takriban mwezi mmoja. Wakulima wa muhogo wanalijua jina hili vizuri, ingawa kidung'ata wa muhogo ni wa aina nyingine. Yule alidhibitiwa barani Afrika kwa nyigu mdogo aliyeletwa kutoka Paraguay, kazi iliyompatia mtaalamu wa wadudu Hans Herren Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1995. Sebuleni kwako nyigu huyo hatakusaidia. Kazi ni ya mkono.

Vidugamba ni wagumu zaidi, kwa sababu hawafanani na wadudu. Ni vigamba vidogo vya kahawia au vya rangi ya majani makavu, vimebandika kwenye jani na havisogei. Watu hukaa nao miezi wakidhani ni madoa ya mmea wenyewe. Jaribu kukwangua kwa ukucha: doa halitoki, kidugamba anabanduka. Ipo aina moja inayozipenda okidi mno, Diaspis boisduvalii, ambayo madume wake hukusanyika na kufanya unga mweupe wenye nyuzinyuzi. Wengi huwadhania vidung'ata. Matibabu yanakaribiana, lakini hawa wanataka kusuguliwa zaidi, maana majike wamejificha chini ya ngao ngumu ambayo dawa haipenyi.

Utitiri wekundu si wadudu kwa maana kamili; wana miguu minane na ni jamaa wa buibui. Hawaonekani kwa urahisi. Kinachoonekana ni jani kupoteza mng'ao wake na kuwa na vidoa vingi vya rangi ya fedha, hasa upande wa chini, na mara nyingine utando mwembamba. Pitisha karatasi nyeupe ya chooni chini ya jani. Ikitoka na michirizi myekundu au ya kahawia, umewapata. Wanapenda joto na hewa kavu, na ndiyo maana hushamiri wakati wa kaskazi, kati ya Desemba na Machi, na kwenye vyumba vyenye kiyoyozi hata miezi mingine.

Thripsi hushambulia maua. Machipukizi yanakauka kabla ya kufunguka, au petali zinatoka na mistari iliyopauka na kingo za kahawia. Likung'ute ua juu ya karatasi nyeupe, nawe utaona vijidudu vyembamba vikikimbia. Vidukari nao hukaa kwenye vikonyo vichanga vya maua, na hao ndio rahisi kuliko wote: maji ya bomba yenye nguvu kiasi huwaondoa. Inzi weupe sina la kuwasemea sana. Ni nadra kwenye okidi, na sabuni inawatosha.

Na yule nzi mweusi mdogo anayeruka ukigusa chungu? Hali majani. Mabuu wake wanaishi kwenye makumbi yaliyooza na kulowana muda wote. Anakuambia kwamba unamwagilia kupita kiasi.

Tahadhari moja kabla hujaanza vita. Okidi nyingi hutoa zenyewe matone matamu, meupe kama maji, kwenye vikonyo vya maua na nyuma ya machipukizi. Hiyo ni afya. Ukiona tone moja hapa na jingine pale, na hakuna mdudu hata baada ya kukagua kwa tochi, yafute uendelee na shughuli zako. Kinachotia shaka ni jani zima linalonata, meza iliyo chini yake inanata, na baadaye utando mweusi wa ukungu juu ya ule utamu. Hapo kuna mdudu anayefyonza juu yake.

Hatua ya tatu: shughulika na sisimizi kwanza

Hapa ndipo wengi wanaporuka. Sisimizi hawali okidi, wanafuata ule utamu unaotoka kwa vidung'ata, vidugamba laini (wale wasio na ngao ngumu) na vidukari. Kwa ajili ya utamu huo huwalinda dhidi ya maadui zao na hata kuwahamisha kutoka mmea mmoja hadi mwingine. Ukisafisha mmea ukaacha njia ya sisimizi, utausafisha tena.

Iweke meza ya okidi mbali na ukuta na mapazia, kisha simamisha kila mguu wa meza kwenye kopo lenye maji na matone machache ya sabuni. Badilisha maji hayo kila baada ya siku chache, tusije tukawafugia mbu ndani ya nyumba. Kwa chungu kinachoning'inia, paka mafuta mazito ya mgando kwenye waya wa kuning'inizia. Kama sisimizi wamejenga ndani ya chungu chenyewe, kizamishe kwenye ndoo ya maji mpaka ukingoni kwa nusu saa. Watatoka wakiwa wamebeba mayai yao, nawe uwamwage mbali.

Majimoto, wale sisimizi wekundu wa mitini, je? Shambani ni marafiki wa mnazi, maana huwafukuza kunguni wanaoharibu vidaka. Lakini nao hufuga vidugamba kwa ajili ya utamu, kwa hiyo usiitundike okidi yako chini ya mwembe wenye viota vyao kwa sababu tu kivuli ni kizuri.

Hatua ya nne: osha, kisha futa kwa mkono

Ninapendelea asubuhi mapema, ili mmea upate mchana mzima wa kukauka kivulini. Ipeleke okidi bafuni au uani, funika chungu kwa mfuko wa plastiki, iinamishe, na uoshe majani pande zote mbili kwa maji yanayotiririka. Kwa utitiri, hatua hii peke yake, ikirudiwa kila baada ya siku tatu au nne, hufanya zaidi ya nusu ya kazi.

Baada ya hapo nunua spiriti ya asilimia 70 duka la dawa. Chagua iliyo safi kama maji, isiyo na mafuta wala manukato. Jeli ya kutakasia mikono haifai. Ijaribu kwanza kwenye kipande kidogo cha jani moja kuukuu, usubiri hadi kesho yake. Jani likiwa salama, chovya kijiti cha pamba ya masikio na umguse kila kidung'ata mmoja mmoja. Nta yake inayeyuka na anabadilika rangi papo hapo. Kwenye makwapa ya majani zungusha kijiti mpaka ndani kabisa. Kwa vidugamba, tumia mswaki laini uliochovywa kwenye spiriti na usugue kufuata urefu wa jani, huku kiganja cha mkono wa pili kikiwa kimelishikilia jani kwa chini lisivunjike.

Usiimimine spiriti kwenye mizizi, usiipake mmea ukiwa juani, na kumbuka inawaka moto: kaa mbali na jiko la mkaa na la gesi, na dirisha liwe wazi.

Ukimaliza, angalia katikati ya Phalaenopsis, pale jani jipya linapochipukia. Maji yakilala hapo usiku kucha moyo wa mmea huoza, na okidi nyingi zinazosemekana kufa kwa wadudu zimekufa kwa hilo. Yanyonye yote kwa kipande cha karatasi laini.

Hatua ya tano: pulizia sabuni au mwarobaini

Kufuta kwa mkono kunawatoa unaowaona. Dawa ya kupulizia ni ya wale watoto wadogo usiowaona. Chagua moja kati ya hizi mbili.

Sabuni: kijiko kimoja cha chai cha sabuni laini ya maji kwa lita moja ya maji. Sabuni ya mche nyeupe iliyokwanguliwa na kuyeyushwa nayo inafaa. Sabuni ya unga ya kufulia usiiguse, inaunguza majani. Tumia maji ya mvua au ya bomba, kwa kuwa maji ya kisima chenye chumvi hukataa povu, na sabuni iliyokataa povu haina nguvu kwa mdudu. Pulizia mpaka majani yachuruzike, hasa chini yake, subiri kama robo saa hivi, kisha suuza. Sabuni inaua ikiwa mbichi tu, ikimgusa mdudu mwenyewe. Ikishakauka haina kazi.

Mwarobaini: kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya mbegu zake kwa lita moja ya maji ya uvuguvugu, pamoja na matone machache ya sabuni ili mafuta na maji yachanganyike. Tikisa kila mara unapopulizia, na utumie siku hiyohiyo. Kesho yake nguvu imepungua. Dawa hii haiangushi mdudu papo hapo. Huvuruga kujivua ngozi kwake, asikue wala kuzaa vizuri, kwa hiyo usikate tamaa ukiwaona bado wapo siku ya pili. Usipulizie mchana wa joto kali wala juani, maana mafuta juu ya jani lenye joto huliunguza, na usipulizie maua yaliyofunguka. Harufu yake nayo si ya sebuleni. Fanyia kazi barazani. Mafuta hayo yaweke mbali na watoto, kwa sababu kuyanywa ni hatari, hasa kwa wachanga.

Majani ya mwarobaini yaliyotwangwa na kulowekwa usiku mmoja, kisha yakachujwa, yanafaa pia, ila ni dhaifu kuliko mbegu. Pilipili na kitunguu saumu huwaudhi wadudu wengine, lakini kidung'ata chini ya nta yake hana habari navyo.

Hatua ya sita: angalia mizizi

Kama mmea unanyauka na huoni kitu juu, utoe chunguni. Vidung'ata hukaa pia kwenye mizizi na kwenye kuta za ndani za chungu, wakiacha unga mweupe. Mende nao hushinda humo mchana na usiku hutafuna ncha changa za mizizi. Wengi hawajui hilo mpaka waone ncha zimekatika.

Tupa makumbi yote ya zamani. Osha mizizi kwa maji yanayotiririka, kata iliyooza na kubonyea, uache iliyo imara. Wembe au mkasi uupitishe kwenye moto kabla ya kuhamia mmea mwingine, kwa sababu virusi vya okidi husafiri kwa vyombo vya kukatia, na virusi havina dawa. Zamisha mizizi dakika chache kwenye maji ya sabuni ya hatua ya tano, suuza vizuri, acha ipate hewa kivulini. Chungu kioshe kwa sabuni na jiki, kisha ukisuuze mpaka harufu iishe.

Kwa kupandia upya, Tanga hatuna shida: makumbi ya nazi na vipande vya mkaa. Makumbi yakatekate, yaloweke siku mbili ukibadilisha maji mara kadhaa, kwani hubeba chumvi inayounguza mizizi. Mkaa usuuze vumbi lote. Baada ya kupanda usimwagilie kwa siku chache, ili majeraha ya mizizi yafunge.

Hatua ya saba: rudia

Kila baada ya siku saba, mara tatu au nne mfululizo: kagua, futa, pulizia. Mzunguko huu unafuata mayai. Wanaoanguliwa wiki hii unawakuta kabla hawajakomaa na kutaga. Ukiruka wiki mbili, umewapa nafasi ya kuanza upya. Kwa utitiri fupisha hadi siku nne au tano wakati wa kaskazi, kwa kuwa kwenye joto hilo yai hufikia utu uzima kwa takriban wiki moja.

Kwa thripsi usibembeleze. Kata kikonyo chote cha maua, kifunge kwenye mfuko, kitupe. Najua inauma ukiwa umeingoja miezi ichanue, lakini dawa haiingii ndani ya chipukizi lililofunga.

Yasiyofaa

Dawa ya kopo ya kuulia mbu na mende usiipulizie okidi; viyeyusho vyake huunguza majani. Mafuta ya taa vivyo hivyo. Majivu yanayowekwa kwenye mchicha yana magadi mengi kwa mizizi ya okidi. Salfa, wanayoijua wenye mikorosho, kweli inapunguza utitiri, lakini vumbi lake si la kuvutwa sebuleni, na ikikutana na mafuta ya mwarobaini ndani ya wiki chache jani linaungua.

Viuatilifu vya shambani ninavishauri mwisho kabisa, na kwa mmea uliotolewa nje ya nyumba. Nunua kilichofungwa na chenye lebo, kilichosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, TPHPA, na ufuate kipimo cha lebo. Kile kinachouzwa kwenye chupa ya soda bila jina kiache hukohuko, hata muuzaji akikuapia. Hata dawa halali huweza kukugeuka: nyingi za kuulia wadudu haziwagusi utitiri, ila huwaua maadui zao, na wiki mbili baadaye unakuta utitiri wengi kuliko mwanzo.

Mmea mgeni, na mmea wa kutupa

Okidi mpya, iwe imetoka Lushoto, Dar es Salaam au kwa shangazi, ikae peke yake wiki tatu hadi nne kabla ya kuingia kundini. Zile za msituni usizing'oe. Okidi zote duniani zimo kwenye orodha za CITES, mkataba unaosimamia biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, na misitu mingi ya Amani na Usambara Mashariki kwa jumla imehifadhiwa. Zaidi ya hilo, mmea uliobanduliwa mtini huja na kila kilichokuwa kikiishi kwenye gome, na mara nyingi haudumu nyumbani.

Upo wakati wa kuacha. Okidi iliyobaki na jani moja, vidugamba hadi kwenye moyo, na mizizi yote imeoza, ifunge kwenye mfuko wa plastiki, ianike juani siku kadhaa ikiwa imefungwa, ndipo uitupe. Usiirundike kwenye mboji ya uani. Ile iliyopona isirudi mezani mpaka uikague kwa tochi wiki tatu mfululizo bila kuona kitu, na siku ya kuirudisha, kagua pia majirani zake.